Maji ya Kijivu

Nanyuki, Jumanne usiku

Ndugu yangu Lekishon,

Hujambo? Mama watoto hajambo? Sisi huku wazima, ila baridi ya mlima. Najua nimekaa kimya tangu uhamie Gilgil, na lawama zako nitazipokea tukionana. Leo sikuweza kungoja. Baba Wanjiku alipita hapa akaniambia safari ile farasi wetu Kijivu alifika Nairobi bila kugusa maji, na usiku akawa anaparapara chini na kugeuka kutazama ubavu wake, kama anayeumwa tumbo. Sasa nasikia Jumapili mnampeleka tena uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi! Usingizi umenipaa.

Yule farasi amekulia maji ya mto wetu huu unaoshuka kutoka Mlima Kenya. Ukimwekea maji ya mfereji yenye dawa atashusha pua, anuse, ainue kichwa, basi. Si ukaidi. Bebeni maji ya huko nyumbani Gilgil, majerikeni manne au matano ya lita 20, na ndoo yake ileile. Farasi wa kilo 500 hunywa lita 25 na zaidi kwa siku hata akiwa amesimama tu zizini, kwa hiyo dereva akinung'unikia mzigo, usimsikilize. Na kuanzia kesho mtilie molasi kidogo kwenye maji, azoee ladha. Yale ya nyumbani yakiisha, mtatia kiasi hichohicho kwenye ya Nairobi.

Kinachonitisha ni watu kungoja aonyeshe kiu. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko damu yake. Sisi tukitoka jasho, chumvi huzidi kwenye damu, ndipo koo linapodai maji. Yeye hupoteza maji na chumvi pamoja, kiu isije, huku kwenye jua kali na kazi nzito anaweza kutokwa na lita 10 kwa saa moja. Hata ndani ya trela anafanya kazi, maana kila kona anajikaza kwa miguu minne, na ule mlima wa kutoka Naivasha kuja Limuru unaujua ukiwa na foleni ya malori. Simameni kivulini, mpeni ndoo. Majani makavu yaloweke kabla ya kuyatia kwenye wavu. Akila, maji yanaingia humohumo.

Halafu huyo mkubwa wenu anayemsukumia chumvi mdomoni kwa sirinji kabla hajanywa. Inaniuma sana. Chumvi hiyo huvuta maji ya mwili kuyapeleka tumboni, inamkausha zaidi. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie. Vijiko viwili vya chumvi ya kawaida kwenye pumba kila jioni vinamtosha, na ukitia chumvi kwenye ndoo, weka na ndoo nyingine ya maji matupu, achague mwenyewe.

Akitoka uwanjani mpe maji papo hapo, na mmwagie ya baridi mwili mzima. Wanaosema farasi mwenye joto asinywe, waache na maneno yao.

Jioni finya ngozi ya bega, uone kama inarudi upesi; ya shingo inadanganya. Bonyeza ufizi, pale palipokuwa peupe parudie rangi ya waridi ndani ya sekunde mbili. Mzee Njoro alitufundisha hivyo akiwa ametushika vidole, unakumbuka? Ufizi ukinata, au mavi yakitoka madogo na makavu, mwite daktari usiku huohuo, hata mwenye farasi akisema mngoje asubuhi.

Trela inaondoka saa ngapi? Haiwezi kuwa saa kumi alfajiri, kabla ya jua? Nani atalala naye? Majerikeni mnayo, au nimpe Baba Wanjiku awaletee Ijumaa? Kile kidonda cha mguu wa nyuma kilipona? Na mgongo wako je, bado unakusumbua? Akimaliza ndoo ya kwanza huko Nairobi nipigie, hata iwe usiku wa manane.

Ni mimi nduguyo,
Mutua