Ule mstari wa tatu

Mwanangu mpendwa,

Juzi usiku ulifunga kinanda ukaniuliza, "Mama, kama kweli nina kipaji, mbona nahangaika hivi?" Nikakujibu harakaharaka kwamba una akili sana, usijali. Uliondoka kimya, nami nikajua sijakujibu.

Ndiyo, kuufikia uwezo wako wote kunataka bidii, na kuhangaika kwako si dalili kwamba kipaji hakipo. Najua shaka imetoka wapi: ni yule mwenzako anayesikia wimbo mara moja na kuupiga. Sitakudanganya kwamba vipaji havipo. Mwaka 2007 huko Osaka, Donald Thomas wa Bahamas alitwaa ubingwa wa dunia wa kuruka juu, hata miaka miwili haijatimia tangu aanze mchezo huo. Miongoni mwa aliowashinda alikuwemo Stefan Holm wa Sweden, aliyekuwa akiruka tangu utotoni. Inauma. Lakini Holm huyo, mwenye kimo cha sentimita 181 tu, kifupi kwa mchezo ule, tayari alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 2004.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fidla wa chuo kimoja cha muziki Berlin. Walio bora kabisa, walipofika miaka 18, walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa saa zipatazo 7,400. Waliosomea ualimu wa muziki, kama 3,400. Watu wengi wamezikariri saa hizo wakasahau kuuliza zilitumikaje.

Mimi hukusikiliza nikiwa chumba cha pili. Unaanza vizuri, unafika mstari wa tatu, pale mkono wa kushoto unapovuka juu ya wa kulia, unajikwaa. Unanyamaza kidogo. Kisha unarudi mwanzo kabisa. Jana nilihesabu mara 11. Mistari miwili unayoijua hata usingizini umeipiga mara 11, na pale penye ugumu umepita mbio mara 11, ukikosea vilevile. Vidole hujifunza kila unachovirudisha kufanya, hata kosa. Umechoka kweli, mwanangu, ila nguvu zako zimeishia pasipozihitaji.

Kesho usianzie mwanzo. Anzia pale pale, mkono wa kushoto peke yake, nota nne tu, polepole kiasi cha kukuchosha subira. Mwombe mwalimu atazame ni kidole gani kinachelewa, maana wewe huwezi kukiona huku unapiga. Na ukichoka, lala. Wale wapiga fidla bora walilala zaidi ya wenzao wa ualimu, na hata mchana walijipumzisha.

Kuna kosa langu pia. Tangu ukiwa mdogo nimekusifu "una akili", nikidhani nakupa nguvu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa akili walielekea kuchagua kazi watakazoziweza bila shida, na wakishashindwa walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii yao. Niliposoma hayo nilikuona wewe, una miaka saba, umeficha daftari la hesabu chini ya mto. Hesabu mbili tu ulikuwa umekosa, na pale ulipozikosa ulikuwa umefutafuta mpaka karatasi ikatoboka. Mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba ana akili, akikosea huona amenyang'anywa jina lake. Jina hilo nilikupa mimi. Niwie radhi.

Kesho jioni nitakuwa chumba kile kile, na sitahesabu. Ukiona mkono wa kushoto umeanza kutii, acha mlango wazi nisikie. Hata kama ni zile nota nne tu.

Akupendaye,
Mama