Semina za kujitambua zinatupamba tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nilisemee hili maana limenikaa rohoni. Huku Mbeya ukifungua redio au ukipita Mwanjelwa hukosi tangazo la semina ya kujitambua, ukienda unafundishwa kuvaa, kuongea kwa kujiamini na kutafuta hela. Hela tunazitaka wote, ila huko ni kujipamba, kujitambua bado kabisa.

Carl Jung, yule daktari wa akili wa Uswisi aliyefariki 1961, alisema kila mtu ana sura anayoivaa mbele za watu, ya ualimu, ya uchungaji, ya ubosi, na tunaihitaji ili tuishi na wenzetu, shida inaanza mtu akiamini yeye ndo hiyo sura basi. Yale aliyoyakataa ndani yake, woga, wivu, hata vipaji alivyochekwa navyo utotoni, hayafi, yanakuwa kivuli chake, na anaishia kuyaona kwa jirani tu.

Mtaani kwetu Uyole kuna mzee alikuwa mkuu wa idara, kastaafu na miaka yake 60, mpaka leo saa 1 asubuhi keshafunga tai kakaa barazani na faili mapajani, ukimwamkia shikamoo mzee anageuka pembeni mpaka umwite mkuu. Vijana wanamcheka, mimi inaniuma sana, maana hakuna aliyewahi kumuuliza ukiutoa huo ukuu unapenda nini, unaogopa nini, unaota nini.

Na ndoto nazo tumezitupa. Jung alikuja Afrika Mashariki 1925, akakaa na wenyeji wa mlima Elgon akawauliza habari za ndoto, laiboni mzee, yaani mganga na mtabiri wao, akamjibu huku machozi yanamlenga kwamba zamani malaiboni waliota wakajua vita, magonjwa na mvua, ila tangu Waingereza waje hawaoti tena kwa sababu mzungu anajua kila kitu. Kwetu Rungwe bibi alikuuliza asubuhi umeota nini na akakaa akusikilize mpaka mwisho, siku hizi mtoto akisema ameota anaambiwa ni pepo, au awahi shule.

Jung aliona mabadiliko makubwa ya nafsi yanaanza kwenye miaka 35 hadi 40, umri ambao sisi tunasema huyu keshakuwa mtu mzima, yameisha. Basi Mhariri, tutengeeni hata robo ukurasa kwa wiki, wanasaikolojia waandike kwa Kiswahili cha kawaida, mtu wa Tukuyu au Mafinga asome, maana sasa hivi ukisema unataka kuongea na mwanasaikolojia wanakuuliza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, unapelekwa lini.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya