Mmehesabu fizi, mkasahau vidole

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mara moja. Ile taarifa yenu ya fizi na baridi yabisi ndiyo iliyonishinda. Mlieleza kwamba wataalamu walipima watu wa kawaida kwa wingi, si wagonjwa wa kliniki peke yao, wakakuta wenye baridi yabisi wana fizi mbovu kuliko wenzao. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni ile sentensi ya mwisho iliyowaambia watu wapige mswaki vizuri ili wasiugue viungo. Katika taarifa nzima hakuna mtafiti aliyelisema hilo. Mlilisema ninyi.

Mimi ninaumwa ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo, na huu ni mwaka wa 16. Nikiamka, hupita zaidi ya saa nzima ndipo vidole vikubali kukunjika. Wiki moja baada ya taarifa yenu nilikwenda kusafishwa meno. Daktari alichungulia, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, haya ya viungo umejitakia. Ungetunza kinywa usingefika hapa, hata gazetini wameandika." Nilikuwa nimeachama, mpira wa kufyonzea mate umening'inia mdomoni, sina namna ya kujibu. Mikono yangu ilikuwa mapajani, mbele ya macho yake, vifundo vimevimba, vidole vimepinda upande mmoja, na hakuitazama hata mara moja. Alipomaliza akanikabidhi uzi wa kusafishia meno, akanielekeza niuzungushe kwenye vidole viwili vya kati na kuuvuta taratibu kati ya jino na jino. Vidole ambavyo havifungi kifungo cha blauzi! Mswaki wenyewe naushika kwa viganja viwili kama mtu anayetwanga. Nimetoka pale nikiwa mgonjwa na mkosaji kwa pamoja, na kosa lenyewe nimelisomewa kutoka kwenye ukurasa wenu.

Kwa hiyo naomba mtu pale ofisini kwenu ajiulize: kipi kilitangulia, fizi au vidole? Utafiti unaompima mtu mara moja tu hauwezi kujibu. Marekani walitumia takwimu za uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 1988 hadi 1994, wakachapisha matokeo mwaka 2008: miongoni mwa watu wa miaka 60 na zaidi, wenye baridi yabisi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ugonjwa wa fizi, na hata wa kuwa vibogoyo. Sawa. Lakini wenye baridi yabisi katika hesabu hiyo walikuwa 103 tu, na uchunguzi ule ulipima nusu ya kinywa, si meno yote. Mwaka 2010 ikaja hesabu ya wauguzi wanawake zaidi ya 80,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi, na waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa fizi au kung'oka meno hawakuonekana kuugua baridi yabisi kwa kiwango cha kutiliwa maanani kuliko wengine. Mwaka 2016 Uswidi wakaoanisha wagonjwa wao na rejesta ya matibabu ya meno, wasione tofauti. Mbona haya hayakupata hata mstari mmoja kwenye taarifa yenu? Na sigara je? Sigara huharibu fizi, na sigara hiyohiyo huongeza hatari ya baridi yabisi. Asiyeitenga sigara anaweza kuhesabu moshi akadhani anahesabu bakteria.

Sisemi fizi hazihusiki. Bakteria wa ugonjwa wa fizi aitwaye Porphyromonas gingivalis ana kimeng'enya kinachogeuza kijenzi kimoja cha protini, arginini, kuwa kingine, sitrulini, na kingamwili dhidi ya protini za namna hiyo ndizo zinazopimwa kwenye damu zetu. Jambo hilo linastahili kuchunguzwa kwa nguvu zote, nami ningejitolea kesho. Ndiyo maana linaniuma kuliona limefanywa fimbo.

Na hilo jina lenyewe, baridi yabisi! Mmelitumia kwa jongo, kwa viungo vilivyochakaa kwa umri, na kwa ugonjwa wangu, kana kwamba ni kitu kimoja. Fomu za utafiti nazo ziko hivyohivyo: "Je, daktari amewahi kukuambia una ugonjwa wa viungo?" Anayejibu ndiyo anaweza kuwa na goti lililochoka tu. Halafu kwa kuwa jina lina neno baridi, kila ninayekutana naye ananiambia nivae sweta. Miaka 16 ya sweta.

Ninachoomba ni kidogo. Mkiandika tena habari za utafiti wa namna hii, wekeni kisanduku chenye mambo manne: waliopimwa ni wangapi, nani alithibitisha ugonjwa wa viungo, meno mangapi yalipimwa, na sigara ilihesabiwaje. Kwa watafiti nina ombi moja: kabla ya kumwambia mtu afungue kinywa, mpeni mswaki mtazame anavyoushika, mwandike. Na kliniki za viungo ziwe na miswaki yenye mpini mnene kama mpini wa nyundo. Wangu nimeuzungushia kitambaa na mpira, na fizi zangu zimeacha kutoka damu tangu nilipofanya hivyo.

Miadi yangu ya meno ni mwezi ujao, kwa daktari yuleyule. Nitakwenda na gazeti lenu. Ningependa liwe toleo lenye masahihisho.

Msomaji wenu,
Mgonjwa wa viungo