Mbili kati ya saba si zako

Mwenzangu,

Salaam nyingi. Mimi sijambo, hofu ni kwako wewe uliyeniandikia saa nane za usiku kwamba umeikodolea macho ile saba, kipimo chako cha h kwenye ukurasa wako wa Google Scholar, mtambo wa Google unaokusanya makala za kitaaluma na kuhesabu zimerejelewa mara ngapi na wengine, mpaka ukahisi nayo inakukodolea. Nilicheka. Kisha nikaufungua ukurasa wako nijionee mwenyewe, maana nakujua, ukishikwa na hofu huhesabu ovyo.

Safari hii aliyehesabu ovyo si wewe, ni mtambo. Google Scholar imekuwekea makala 12, na tatu kati yake zinahusu magonjwa ya samaki wa kufugwa. Mwenzangu, wewe na samaki wapi na wapi? Yupo mtafiti mwingine mwenye jina kama lako, nanyi mmeunganishwa mkawa mtu mmoja. Bahati mbaya (au nzuri, ukipenda) samaki wake wanasomwa sana: makala moja imerejelewa mara 61, nyingine 33, ya tatu 12.

Basi tuhesabu upya. Hicho kipimo cha h kinachokunyima usingizi alikipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na hesabu yake ni ya kidole. Unazipanga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi, unashuka nazo moja moja, na pale pa mwisho ambapo marejeleo bado hayajawa machache kuliko namba ya mstari, ndipo ilipo h yako. Tukiwatoa samaki, unabaki na hizi: 40, 22, 15, 9, 6, 5, 3, 1, na ile ya mwaka huu ambayo bado ina sifuri. Ya tano ina 6, imepita. Ya sita ina 5, imekwama kwa rejeleo moja tu. Kwa hiyo h yako ni 5. Jumla ya marejeleo ni 101, si 207. Na ile i10, inayohesabu makala zilizorejelewa mara kumi au zaidi, inashuka kutoka 6 hadi 3.

Nimeshasikia swali lako hata kabla hujaliuliza. Fomu ya kupanda cheo ina kisanduku kimoja, saba inapendeza kuliko tano, na nani atakwenda kuhesabu? Ziondoe leo hii. Ukurasa huo ni wa wazi, na mjumbe yeyote wa kamati akibofya mara moja tu atakutana na samaki hao wakielea juu kabisa ya orodha. Ukimaliza, jiandikishe ORCID kama bado. Ni namba ya tarakimu 16 inayomfuata mtu badala ya jina lake, na hapo mwenye samaki na wewe mtaachana kwa amani. Tena angalia na upande wa pili, maana makala zako mbili za mwanzo uliziandika kwa majina matatu, na huenda yapo marejeleo yaliyopotelea huko.

Kuhusu hilo rejeleo moja ulilolikosa, nikuchekeshe. Nina makala mezani inayokaribia kwisha. Nikiichomeka ile ya sita yako katika aya yoyote ya utangulizi, makala yangu ikatoka, h yako inakuwa 6. Sentensi moja ya rafiki, na hadhi yako imepanda ngazi! Sitafanya hivyo, na usininunie. Makala yangu haina uhusiano wowote na yako. Ila ona kitu chenyewe kilivyo chepesi. Mwaka 2010 Mfaransa mmoja mtaalamu wa kompyuta, Cyril Labbé, alimzusha mwanasayansi asiyekuwepo aitwaye Ike Antkare, akamtungia kwa programu makala za maneno matupu zinazorejeleana zenyewe kwa zenyewe, akaziacha mtandaoni. Google Scholar ikazikusanya. Huyo mtu wa hewani alifika h ya 94. Wewe unakosa usingizi kwa ajili ya 5.

Lakini sitaki uamke na dharau, maana dharau nayo ni uvivu. Niliwahi kuwa nayo mimi, nikisema namba hazina maana, mpaka siku moja nilipoamua kuzifungua.

Unaikumbuka makala yangu ile iliyorejelewa kuliko zote. Ilikuwa na marejeleo sitini na kitu wakati huo, nami nilikuwa nikitembea nayo kama mtu mwenye kitambi. Jioni moja umeme wa akili uliniwaka nikaanza kufungua kila andiko lililonitaja, nisome ni kwa lipi hasa. Nilikesha. Wengi, wengi mno, walikuwa wamechukua sentensi moja ya ukurasa wa pili, ile ninapoeleza maana ya "kaya". Sentensi yenyewe niliiandika kwa haraka ili niondoke hapo niende kwenye jambo lililonipeleka shambani miezi tisa. Wengine walinibandika kwenye mabano pamoja na watu sita, kama abiria waliobanwa kwenye kiti kimoja. Wanne walisema nimethibitisha jambo ambalo mimi nilikuwa nalipinga, na mmoja wao bila shaka alimnakili mwenzake, kwa sababu walikosea namba ya ukurasa ileile.

Halafu, karibu na alfajiri, nikafungua tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili. Huyu alikuwa ameichukua njia yangu yote ya kuhoji: namna nilivyowahoji mume na mke mbalimbali kisha pamoja, hata makosa niliyoyakiri alikuwa ameyashika, akayarekebisha kwa akili kuliko nilivyoweza mimi. Kurasa kumi na moja zimejengwa juu ya kazi yangu. Katika kanzidata zinazochukua majarida teule tu, rejeleo lake halihesabiwi kabisa. Katika Google Scholar linahesabiwa moja, sawasawa na la yule aliyenibandika kwenye mabano.

Tangu siku hiyo ninamwelewa vizuri zaidi Eugene Garfield, Mmarekani aliyeanzisha kazi ya kufuatilia marejeleo ya kisayansi. Mwaka 1955 alipopendekeza kwenye jarida la Science kwamba tuwe na faharisi ya marejeleo, yaani orodha ya kuonyesha nani amemrejelea nani, wazo alilitoa kwa mawakili wa Marekani, ambao tangu karne ya 19 walikuwa na vitabu vya kuwaonyesha kesi fulani ilitajwa wapi baadaye, na kama hukumu yake bado imesimama. Wakili hakuhesabu, alifuata. Alitaka kujua wazo lilikwenda wapi, nani alilipinga, nani aliliendeleza. Kumpimia mtu mshahara kulikuja baadaye, na huko ndiko wewe na mimi tulikozaliwa kitaaluma.

Na sisi wa sayansi ya jamii tumevishwa koti la watu wengine. Kile kipimo cha athari ya jarida kinachotajwa kwenye fomu yako kinachukua marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala zilizotoka miaka miwili iliyotangulia tu, kisha kinagawa kwa idadi ya makala hizo. Katika tiba miaka miwili ni mingi. Kwetu, makala hukaa mwaka mzima kwa wahakiki, na atakayeirejelea naye bado anatafuta kibali cha kwenda kuhoji watu. Ile yako yenye marejeleo 40, itazame kwa miaka: marejeleo karibu yote yamekuja baada ya mwaka wa nne. Kwa kipimo hicho haikulifaa jarida lake kitu. Sisemi juu ya sura zako ndani ya vitabu, wala ile ripoti uliyoiandika kwa lugha wanayoisoma wale uliowahoji. Kwenye kisanduku hazina pa kukaa.

Kuna jambo moja linanikera zaidi, nalo limo ndani ya fani yetu. Mwanasosholojia Robert Merton aliandika mwaka 1968 kuhusu kile alichokiita athari ya Mathayo, kwa jina la Injili hiyo, yaani aliyenacho huongezewa: watu wawili wakifanya kazi ileile, sifa humwendea mwenye jina kubwa. Sehemu kubwa ya ushahidi wake aliutoa kwenye mahojiano ambayo mwanasosholojia mwenzake, Harriet Zuckerman, aliwafanyia washindi wa Nobel. Makala ikatoka na jina la Merton peke yake. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba ilistahili kubeba majina yote mawili. Ukiri huo haukubadilisha namba hata moja. Anayerejelewa mpaka leo ni Merton. Nami nimemrejelea hivyo hivyo mara tatu, bila aibu, kabla sijajua.

Turudi kwenye fomu. Andika 5, na pembeni yake andika umeipata wapi na tarehe gani, kwa sababu kanzidata nyingine itakupa 3 au 4 na mtu atadhani umedanganya. Usiandike kipimo cha jarida kama hawajakuuliza. Tamko la San Francisco la mwaka 2012, kuhusu namna ya kupima utafiti, linasema waziwazi kwamba kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtu mmoja mmoja, na vyuo vingi vimelitia saini, kwa hiyo angalia kama chenu kimo. Kama kimo, wakumbushe kwa adabu. Palipoandikwa "maelezo mengine" ndipo uweke nguvu zako. Chagua marejeleo manne au matano kati ya hayo 101, yale ambayo mtu amekaa na kazi yako kweli, amebishana nayo au ameitumia, ueleze alifanya nini nayo. Itabidi uyafungue yote kwanza. Tenga usiku mmoja, na usifanye ukiwa na njaa.

Nina ombi: ukikutana na aliyekuelewa kinyume, usimwandikie usiku huohuo. Mimi nilimwandikia mmoja. Alinijibu kwa upole kwamba hakuwa ameisoma makala yangu, aliitoa kwenye orodha ya mwingine, na akaniomba nimtumie nakala. Nilimtumia. Sijui kama ameisoma, ila mwaka jana amenirejelea tena, safari hii kwa maana ya "kaya".

Nitumie rasimu ya hayo maelezo kabla ya Ijumaa, niisome. Na mwenye samaki, kama unaweza kumpata, mpe pole yangu. Huenda naye anajiuliza hizo ndoa na mirathi kwenye orodha yake zimetoka wapi.

Wako yuleyule