Kuhusu waya wa kifaa cha shemeji

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Barua yako nimeipata, nami naona maswali yako kuhusu kifaa atakachowekewa shemeji (ICD, kile kinachoushtua moyo kwa umeme unapopiga kasi kwa hatari) karibu yote ni ya betri. Ningekuomba wasiwasi huo uuhamishie kwenye waya. Kisanduku kinachowekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, hubadilishwa bila taabu kubwa, lakini waya unaopita mshipani hadi moyoni hupindika kwa kila pigo, yaani takriban mara 100,000 kwa siku, na ukikatika, kisanduku huweza kudhania kelele za umeme kuwa ni mapigo ya kasi, kikamshtua mtu aliye macho, ameketi zake akinywa chai. Au moyo uuhitaji mshtuko kweli, na usifike.

Mtaambiwa pengine kwamba waya mwembamba ndio bora. Mimi wembamba peke yake siuhesabu kuwa sifa. Waya uitwao Sprint Fidelis, wa kampuni ya Medtronic, uliingia sokoni Marekani mwaka 2004 ukisifiwa kwa wembamba huo huo. Mapema mwaka 2007 Daktari Robert Hauser wa Minneapolis na wenzake wakaandika kwamba nyaya hizo zinakatika kabla ya wakati, na Oktoba mwaka huo kampuni ikasitisha mauzo, ilhali watu wapatao 268,000 duniani walikwisha kuwekewa. Riata, waya wa kampuni nyingine, St. Jude Medical, iliyotajwa rasmi kuwa na hitilafu mwaka 2011, ilikuwa na ugonjwa wake: nyuzi za ndani zilisaga ganda la silikoni mpaka zikachomoza nje, na mara nyingine vipimo vya umeme vikawa salama kabisa huku eksirei ikionyesha nyuzi zinaning'inia.

Kuutoa si jambo jepesi. Waya uliokaa miaka hushikwa na kovu, na kuuchomoa kunaweza kuchana mshipa au moyo wenyewe. Ndiyo maana wengi waliachwa nao, wakawa wanafuatiliwa kwa karibu.

Kwa hiyo mkifika kliniki, muulizeni daktari jina na modeli ya waya, na umekwisha kutumika kwa wagonjwa miaka mingapi. Ulizeni pia, ikiwa shemeji hahitaji kifaa cha kuuongoza moyo unaopiga polepole, kama atafaa kuwekewa kile ambacho waya wake hupita chini ya ngozi ya kifua bila kuingia moyoni, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Kadi ya kifaa asiiache nyumbani. Akishtuliwa mara mbili mfululizo, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Nipigie simu mkishaonana na daktari.

Wako akupendaye