Barua kwa Mama Chantal

Houston, Jumapili usiku

Mpendwa Mama Chantal,

Habari za siku nyingi? Sisi huku wazima, ila joto ndilo linalotutesa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Eti mtoto aliyesomeshwa na mama yake kwenye meza ya kulia, chuo kitaziamini vipi alama alizopewa na mama huyo huyo? Shoga yangu, swali hilo nimelala nalo mwaka mzima. Kwa Khamis nilikuwa mwalimu, msahihishaji na mwalimu mkuu. Kilichobaki ni kuchonga mhuri tu.

Kilichotuokoa ni CLEP, mitihani ya kupimia masomo ya chuo, ya shirika la College Board, wale wale wa SAT, ule mtihani wa kuombea chuo Marekani. Hapo hawajali umesomea wapi. Unajiandikisha wakati wowote wa mwaka, unakaa mbele ya kompyuta kama dakika 90, na ukipata 50 kwenye kipimo cha 20 hadi 80, vyuo vingi vinakuhesabia somo kana kwamba ulilisoma darasani muhula mzima. Aljebra ni krediti 3, yaani pointi ambazo chuo huzihesabu kuelekea shahada, na shahada ya kwanza huwa kama 120. Ada ni karibu dola 100, na kituo cha mtihani huongeza chake. Ile ya mtihani sisi hatukulipa: shirika la Modern States lina masomo ya bure mtandaoni, mtoto akimaliza somo wanampa vocha. Jibu la kosa halipunguzi alama, kwa hiyo Chantal asiache swali tupu.

Sasa nikucheke kidogo. Nyinyi watu wa Bujumbura mmekalia mali! Kifaransa kimo. Akipata 50 anapendekezewa krediti 6, akifika 59 zinakuwa 9, kwa lugha ile ile unayomgombezea jikoni. Kiswahili hakimo, lugha za kigeni ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania basi. Khamis na Kiswahili chake chote cha Tanga hakuambulia kitu. Nilinuna.

Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mimi niliandika Hamisi, tunavyomwita. Yule dada wa mapokezi pale kituoni akaweka kidole chake kwenye ile K ya pasipoti, akatikisa kichwa, tukarudishwa. Kijana alikula biskuti zake garini hadi nyumbani bila kusema neno.

Hilo lilirekebishika. Lililoniuma hadi leo ni historia ya Marekani. Miezi miwili anakesha, akapata 61, alama zikatokea pale pale kwenye skrini, nami nikapiga kigelegele kwenye maegesho watu wakageuka. Kumbe chuo alichokitaka hakipokei CLEP kwa somo hilo! Kila chuo kina sheria yake: kimoja kinaridhika na 50, kingine kinataka zaidi, kingine hakitaki kabisa, hasa vile vyenye majina makubwa. Mimi nilianza na mtihani, chuo nikakiulizia baadaye. Wewe anza na chuo. Waandikie watu wa usajili, taja somo na alama, na jibu lao ulihifadhi. Wengine watakuambia wanapenda AP, ile mitihani mingine ya College Board ya kiwango cha chuo. Sawa, lakini ile ni Mei tu, mara moja kwa mwaka, na mtoto anayesomea nyumbani lazima mumtafutie shule itakayokubali akae na wanafunzi wake. Anza kubisha hodi mapema, kabla ya baridi.

Akishindwa CLEP, angoje miezi mitatu ndipo arudie mtihani huo. Si mwisho wa dunia. Khamis aljebra aliirudia, usimwambie nimekuambia.

Kitabu chenyewe cha aljebra nitakiposti Jumanne. Kurasa za mwisho zimeingia mchuzi, lakini zinasomeka. Msalimie Baba Chantal.

Wako,
Mama Khamis