Barua kwa Mueni, kabla hujatia sahihi

Mwanangu Mueni,

Hesabu yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikokotoo. Nyumba ya Umoja milioni 6: zako 2, za kukopa 4 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, uikarabati, uiuze ndani ya miezi sita. Riba, 720,000, umeiandika. Ushuru wa stempu unaolipwa nyumba ikihamishiwa jina lako, asilimia 4 ya bei, sikuuona. Hizo ni 240,000. Wala kodi ya asilimia 15 ya faida utakapouza.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hiyo miezi sita. Mnunuzi anayetegemea benki huandikiwa siku 90 za kumaliza malipo. Kwa hiyo mitatu ni yake. Umebaki na mitatu ya fundi, rangi na kumtafuta huyo mnunuzi. Fundi wa Nairobi unamjua.

2017 nilichukua mkopo kama huo, nikaweka rehani nyumba yetu hii. Ilibidi mama yako akubali kwa maandishi, maana sheria hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila idhini ya mwenzi. Alikuwa akimenya njegere. Akafuta mikono kwa leso, akauliza, "Na mnunuzi akichelewa?" Nikamcheka. Mnunuzi nilikuwa naye tangu Julai! Ukaja uchaguzi wa urais wa Agosti, Mahakama ya Juu ikaufuta Septemba 1, ukarudiwa Oktoba 26, na yule bwana kila nikimpigia ananiambia tungoje mambo yatulie. Mkopo wangu ulikuwa wa kulipwa wote Oktoba hiyo hiyo. Miaka ile benki zilikuwa zimewekewa kikomo cha riba, ila aliyenikopesha hakuwa benki.

Notisi ya mkopeshaji, ya siku 90 za kulipa deni, ililetwa na kijana wa pikipiki. Niliikunja nikaificha kwenye gari, chini ya zulia la dereva. Riba inahesabiwa tu. Ilipokuja ya pili, ya siku 40 kabla ya kuuza, ndipo nikamwambia mama yako. Ile ploti ya Joska tuliyokuambia imeuzwa kwa ajili ya karo yako, haikuwa karo.

Sikukatazi. Mwenye mnunuzi aliyekwisha lipa amana, mkopo huu humvusha vizuri. Wewe mnunuzi huna bado. Omba miezi kumi na miwili, na uandikiwe kwamba ukilipa mapema hutozwi faini. Rehani iwe hiyo nyumba unayonunua; ile shamba ya nyanya yako isiguswe.

Njoo Jumapili na barua ya mkopeshaji. Nataka kuona ukurasa unaosema riba inakuwaje baada ya mwezi wa sita. Mama yako atapika muthokoi, na anasema swali lake bado ni lile lile.

Baba